Kilo Sita Zilizobaki

9 Februari

Mdogo wangu Brashi,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba leo Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, yaani Mama Vifungo wa kazini na paka wa duka la dawa, nilipanda mizani nikiwa peku, bila hereni, bila kilemba, na baada ya kutoa pumzi yote niliyokuwa nayo, mizani ikasoma kilo themanini na sita. Jumatatu iliyopita ilisoma themanini na sita. Ya kabla ya hapo, bahatisha mwenyewe. Paka hakusema kitu. Mama Vifungo alisema, "Angalau huongezeki," nikamtazama mpaka akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Inalia mara moja, Mama ameshaifikia, na akiishika anafungua sauti mpaka majirani wanaitikia salamu. Yeye bado anaamini una "shida ndogo ya damu" na unapewa vidonge. Habari za mashine na figo zisimfikie kwanza. Dereva wa gari la vifurushi amekubali kuzibeba barua zetu, mradi zisiwe nzito. Nimemwambia mimi ndiye mzito, barua ni nyepesi.

Sasa nikueleze ninavyoishi, usije ukadhani nadokoa. Tangu Oktoba, daktari aliposema figo yangu inakufaa ila mwili unaoibeba umezidi, sijatia sukari kwenye chai. Naamka natembea hadi mwisho wa barabara ya kiwandani na kurudi, dakika hamsini, mvua au jua. Mchana nakula maharage na mboga za majani. Jioni nakula mboga za majani na maharage, kwa ajili ya mabadiliko. Kutoka tisini na sita niliteremka hadi themanini na sita kama mtu anayeshuka ngazi, kisha ngazi ikaisha hewani. Hii ni wiki ya nne. Chakula ni kilekile, miguu ni ileile, kilo zimegoma.

Sita tu, Brashi. Zikitoka hizo nafika ile themanini uliyoniandikia, wananikata, wanakukata, figo inahama nyumba. Sita zimenikalia mwilini kama wapangaji wanaoijua sheria.

Nieleze hali yako, ya kweli. Mashine ni mara ngapi kwa wiki?

Dada yako


17 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako imefika ikinuka sabuni ya magadi. Dereva ana mizigo ya kila aina.

Mimi mzima kiasi. Mashine ni mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara. Nakaa kwenye kiti cha kuegemea kama mheshimiwa, damu inatoka inakwenda kufuliwa, inarudi. Jirani yangu wa kiti ni dereva wa kreni mstaafu, anakoroma kwa gia.

Kazi ipo. Juzi kinyozi mmoja kaniagiza kibao: VINYOZI WA KIMATAIFA. Chumba kina kiti kimoja. Nikamuuliza, "Hao vinyozi wako wangapi?" Akasema, "Niko mimi." "Basi wewe ni kinyozi." "Kaka, wewe ni wa rangi au wa sarufi?" Nikaandika alivyotaka.

Kuhusu kilo, usijitese. Mwili una akili yake, ukisema basi umesema basi. Kama zimekataa, zimekataa. Hakuna atakayekulaumu, na mimi nitakuwa wa mwisho. Huyu wa kreni ana mwaka wa tisa kwenye mashine na bado anatukana wauguzi kwa nguvu zote. Ukiona imeshindikana niambie tu, tuliache.

Mama na magoti yake? Kumbuka hana mwingine wa kumwogesha.

Mdogo wako,
Brashi


2 Machi

Brashi,

Usiniandikie tena neno "tuliache". Nimelisoma mbele ya wateja wawili nikashona kola ya sare upande usio wake.

Halafu herufi zako. Mtu mzima anayekula kwa kuandika vibao, ambaye S zake zilikuwa zinasimama wima kama gwaride, kaniandikia S zilizolala. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na miwili, naujua mkono unaotetemeka. Una nini?

Mimi nilianza kuishuku mizani ya duka la dawa. Nikaenda ghala la nafaka, kule wanakopima magunia. Mpimaji ni mzee mwenye kalamu sikioni, hakuniuliza jina. Alinipandisha juu ya bamba la chuma, akasogeza jiwe la mizani taratibu, akasoma kwa sauti ya kikazi: "Themanini na sita. Mzigo huu unakwenda wapi?" Vibarua wakacheka hadi wakaketi juu ya magunia. Nikamwambia, "Hospitali." Wakaacha kucheka. Kwa hiyo mizani ya duka la dawa haisemi uongo, na mimi nimedhalilika bure.

Lakini kuna ajabu moja. Tepe yangu ya kupimia inasema habari nyingine. Kiuno kimepungua sentimita tatu tangu kilo zilipogoma. Sketi ya kijivu nimeibana mara mbili. Muuguzi wa zahanati ya hapa anasema ndivyo inavyokuwa, mwili ukipungua sana husimama kwanza kupanga upya vitu vyake, mafuta yanapisha misuli, nisikate chakula, nilale vya kutosha, niendelee vilevile na nivumilie. Maneno mazuri, na ameyasema kwa upole. Ila daktari wako hakuomba sentimita. Aliomba kilo. Na uvumilivu ni wa mtu mwenye muda. Wewe damu yako inafuliwa na mashine.

Kwa hiyo kuanzia leo chakula cha jioni nimekifuta, na natembea asubuhi na alasiri.

Dada yako


10 Machi

Shikamoo Dada,

Tafadhali kula jioni. Msikilize huyo muuguzi, anajua kazi yake.

S zililala kwa sababu niliandika nikiwa kwenye kiti, mkono mmoja una sindano. Si kingine.

Nilitaka nikuandikie jambo lingine lakini dereva anapiga honi.

Brashi


19 Machi

Kwako Brashi,

Mimi Mama Vifungo, yule ninayekaa meza ya pili na dada yako. Kuandika si kazi yangu, kazi yangu ni kutoboa matundu na kushona vifungo, kwa hiyo samehe mpangilio. Dada yako hajui kama nakuandikia, na akijua atanihamishia meza yangu nje ya mlango.

Jumanne alikuwa anashona kola za sare. Nilimwona anapepesa macho kama taa inayotaka kuungua. Nikamwita, "We mwanamke," kimya. Kichwa kikaenda mbele, kikagonga cherehani, mguu ukabaki kwenye pedeli. Sindano ilipita kidole cha shahada, ikapitia ukucha ikatokea upande wa pili, na mashine inaendelea tu. Mimi ndiye niliyechomoa waya ukutani. Tulimlaza juu ya vitambaa vya watu.

Unajua alipofumbua macho alisema nini? Alisema, "Nipimeni sasa hivi, huenda hiyo damu imepunguza kitu." Nikacheka, ikanitoka tu. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia.

Anakula yai moja kwa siku na tango. Tango, Brashi! Sungura angeshtaki. Nikimpa kipande cha mkate ananiuliza kina gramu ngapi. Mimi mwili wangu huu ninao tangu nikiwa binti, umenizalia watoto watano na kumzika mume mmoja, sijawahi kuuomba radhi. Yeye wa kwake anausema asubuhi hadi jioni kama mfanyakazi mwizi. Nimemsikia kwa masikio yangu anauambia, "Ndugu yangu anakufa na wewe umekaa."

Sasa nakuomba jambo. Wewe ndiye unayeonana na huyo daktari. Mwambie hiyo themanini aipandishe. Namba ni ya mdomo tu, mtu anaweza kuibadili. Kwa sababu ukituondokea, na Mungu apishilie mbali, huyu atajua ni yeye aliyekuua. Amenitamkia kabisa: "Nitamzika kwa sababu ya kilo sita."

Kidole kimefungwa. Anashona kwa vinne.

Ni mimi,
Mama Vifungo


24 Machi

Shikamoo Dada,

Nina habari njema, keti kwanza. Amepatikana mtu mwingine. Ni mpiga rangi mwenzangu, amejitolea mwenyewe figo yake, wamempima, anafaa, na hana hata kitambi. Daktari amefurahi sana. Kwa hiyo kazi yako imekwisha. Kula leo. Kula mchana na jioni. Hujashindwa chochote, zamu tu imemwangukia mwingine.

Sihitaji tena uje, wala usijisumbue kuwasiliana na hospitali. Mimi nitakuarifu kila kitu.

Pole na kidole.

Brashi


26 Machi

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Figo

Salamu nyingi. Mimi ni dada wa mgonjwa wenu mchora vibao, ambaye mlinipima mwezi wa Oktoba mkasema figo yangu inamfaa ila nipungue kwanza. Ndugu yangu ameniandikia kwamba amepatikana mtu mwingine wa kutoa, mpiga rangi mwenzake. Ndugu yangu hana mwenzake. Anafanya kazi peke yake tangu nimjue, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukaa na mdomo wake siku nzima. Pia ameniambia pole na kidole, na mimi kidole sijamwambia. Kwa hiyo nauliza kwenu.

Kama mtu huyo yupo, nitamwombea dua kila siku ya maisha yangu. Kama hayupo, basi naleta ombi.

Mliagiza nifike kilo themanini. Nina themanini na sita. Zimesimama hapo wiki ya kumi sasa na sijui tena cha kufanya. Nimefuata kila kitu, na vilipokwisha vya kufuata nikaongeza vya kwangu, nikaanguka kazini. Naomba mnipokee hivihivi na hizo sita zilizozidi. Niko tayari kuandika kwa mkono wangu kwamba lolote likinipata ni juu yangu. Kama haiwezekani kwa sita, niambieni kama inawezekana kwa nne. Niambieni namba yoyote iliyo chini ya sita. Mimi ni fundi nguo, najua kipimo ni kipimo. Lakini hata kwenye kitambaa huwa tunaacha kidogo pembeni.

Nisameheni kwa urefu.

Dada wa mgonjwa


8 Aprili

Kwa Dada wa Mgonjwa,

Barua yako ya tarehe 26 Machi imepokelewa na kujadiliwa.

Hakuna mtu mwingine aliyejitokeza wala kupimwa kwa ajili ya mgonjwa.

Ombi lako hatukulielewa. Maelekezo ya daktari ya tarehe 21 Oktoba yanasomeka: "Mtoaji apungue kilo 8." Kwa kuwa siku hiyo ulikuwa na kilo 96, ulitakiwa kufikisha 88 au chini yake. Kwa uzito unaoutaja, sharti hilo ulilitimiza siku nyingi. Nakala ya maelekezo alikabidhiwa mgonjwa akuletee, kwa kuwa ulikuwa umesharudi kumwuguza mzazi.

Aidha, mwezi Januari mgonjwa alitufahamisha kwamba umeomba muda wa kufikiri upya. Kwa kuheshimu uamuzi wako, faili lako liliwekwa kando, na hatukukusumbua.

Unapaswa kujua kuwa mgonjwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki tangu Desemba, na mishipa ya mkono inayotumika imeanza kugoma. Muda uliobaki wa upasuaji wenye matumaini unahesabika kwa wiki. Kama bado una nia, fika kliniki siku yoyote ya Alhamisi. Hata hivyo hakuna kitakachofanyika bila mgonjwa mwenyewe kutia sahihi ya kukubali, na hadi leo hajatia.

Muuguzi Mkuu


10 Aprili

Brashi,

Nane.

Nimekaa na karatasi mbili mezani, ya kwao na ile uliyonakili wewe kwa mwandiko wa kupendeza. Ya kwao inasema apungue nane. Ya kwako inasema afike themanini. Saa nzima nimekutetea kwa Mama Vifungo. Nikamwambia amechanganya, ni sifuri moja na kitenzi kimoja, mgonjwa akili hazitulii. Naye akaweka kidole kwenye karatasi ya kwao. Ndipo nikasoma tena mstari wa Januari. Nimeomba muda wa kufikiri. Mimi.

Kilo themanini na nane nilizifikia mwisho wa Desemba. Nilikuwa tayari. Miezi mitatu na zaidi nimeulaani mwili uliokuwa umeshamaliza kazi yake.

Niandikie ulichofanya. Usitie mzaha hata mmoja.

Dada


15 Aprili

Dada,

Nilianza kuandika "nilikosea kusoma". Nimeichana. Mtu anayeandika namba kwenye milango ya watu hasomi nane akaiona themanini.

Nilitoka na ile karatasi, nikakaa kwenye benchi la nje ya kliniki, nikainakili na kuongeza sifuri. Sentensi ikawa haikai, maana hakuna anayepungua themanini akabaki na kitu, nikabadili "apungue" ikawa "afike". Ikakaa vizuri. Nilijisifu kidogo, na hilo si mzaha, ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma fomu yako ya kukubali, ile uliyotia sahihi bila kuigeuza. Upande wa pili wameandika yanayoweza kumpata anayetoa. Nimeisoma mara nyingi. Dada, wewe uliacha shule ukiwa darasa la saba ili mimi niendelee. Uliniachia kitanda, ukamwacha kwa ajili yangu yule mwanamume aliyetaka kukuoa na kukuhamisha mbali. Sikuwahi kukuomba hata kimoja, na hukuwahi kunipa nafasi ya kukataa. Safari hii nilitaka kukataa. Lakini kukukatalia usoni sijawahi kuweza, ungenishinda kwa maneno kabla sijamaliza salamu. Nikaona mizani ikatae kwa niaba yangu. Haina ndugu, hutagombana nayo.

Nilichagua themanini kwa sababu nilijua hakuna mtu anayepunguza kilo kumi na sita. Watu huchoka wiki ya tatu, wanarudi kwenye sukari yao, maisha yanaendelea. Ungechoka, ungesikitika, ungesamehe nafsi yako taratibu. Nilisahau naongea na nani. Ulipofika themanini na nane nikaogopa, nikawaambia kliniki unafikiri upya. Ulipokwama kwenye themanini na sita, nilishukuru. Nilisoma barua yako ya paka na Mama Vifungo, nikacheka, nikashukuru. Unapaswa kulijua hilo.

Kisha Mama Vifungo akaniandikia habari za kidole.

Hali yangu ni hii. Mara tatu kwa wiki. Miguu haiingii kwenye viatu. Ngazi sijaipanda tangu Desemba. Kile kibao cha kinyozi nilikiandika nimekaa sakafuni, kimelala mapajani, na mwisho wa neno la tatu nilipumzika nusu saa. Yule dereva wa kreni alifariki wiki mbili zilizopita, kiti chake amekaa mtu mwingine asiyekoroma.

Sitaki kufa, Dada. Na sitaki ukatwe. Vyote viwili navitaka kwa nguvu moja, na nimechoka kuvibeba.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Ulishukuru. Sawa. Siku hizohizo ulizokuwa unashukuru mimi nilikuwa nalala na tumbo tupu nikikuomba msamaha kimoyomoyo, neno kwa neno, kama mtoto aliyevunja kitu. Sijui hasira hii nitaiweka wapi, haiingii kwenye kabati lolote la nyumba hii. Tutaizungumza ukiwa hai. Ukifa nitabaki nayo peke yangu, na huo utakuwa uonevu wa pili.

Yule mwanamume, nikufahamishe, alikuwa anakula mdomo wazi. Usijibebeshe yasiyo yako.

Mama nimemwambia yote. Nilidhani ataanguka. Alimaliza kukunja kanga aliyokuwa anaikunja, akasema, "Shida ndogo ya damu haimfanyi kijana aache kunigombeza kwenye simu. Nilikuwa nangoja mniheshimu mniambie." Kisha akauliza figo iko upande gani, nikamwonyesha, akanishika hapo kwa kiganja mpaka chai ikapoa. Mama Vifungo atahamia hapa kumwogesha nikiwa sipo. Wameshagombana tayari juu ya uvuguvugu wa maji, kwa hiyo wataelewana.

Alhamisi nakuja. Nakala yangu ya fomu nimeigeuza sasa, nimeusoma upande wa pili wote, hadi maandishi madogo ya chini. Naogopa, Brashi. Nilikuwa siogopi kwa sababu nilikuwa na kazi ya kilo; sasa kilo hazipo na hofu imepata nafasi. Hata hivyo nakuja.

Hii iliyobaki ni yako. Huwezi tena kujificha nyuma ya mizani. Ama unikatalie usoni, nitakuwa nimekaa mbele yako, au utie sahihi.

Jana nimekula jioni. Mayai mawili na mkate. Nilikula nikitazama mlango kama naiba.

Dada yako


24 Aprili

Shikamoo Dada,

Ulipotoka kwenye korido jana kwenda kupigwa picha za kifua, nilimwita muuguzi. Nimetia sahihi. Akasema haisomeki, nikatia tena. Akasema afadhali ya kwanza.

Sikuweza kukuambia usoni hata hilo.

Brashi


11 Mei
Wodi ya wanawake, ghorofa ya pili

Mdogo wangu,

Nakuandikia ukiwa chini yangu, kama nimehesabu vizuri madirisha kitanda chako kiko karibu sawia na changu. Anayesukuma toroli la chakula amekubali kukushushia barua hii. Kwangu hakuacha chakula. Kesho saa moja wanaanza na mimi, kisha wewe.

Daktari alipita alasiri. Nikamwuliza wazi, akanijibu wazi. Amesema moyo wako umechoka kuliko ulivyokuwa, na kama tungefanya Januari angekuwa na furaha zaidi. Nikamwuliza, sasa hivi ana furaha kiasi gani? Akasema, "Kiasi cha kujaribu." Nikamshukuru. Alipoondoka nilikunja shuka, nikalikunjua, nikalikunja.

Sikuandikii ili ujisikie vibaya, ingawa ukijisikia kidogo sitakuzuia. Nakuandikia kwa sababu kesho watakulaza kabla sijaamka, na nataka uingie ukijua jambo moja: sikuja kwa sababu nilishaanza na siwezi kuacha. Nimekaa wiki mbili na kila sababu ya kuacha, umenipa mwenyewe nyingi na nzuri. Nimezipitia zote. Kisha nikafungasha nguo.

Mwenzangu wa kitanda cha pili, mama mmoja aliyetolewa mawe ya nyongo, ameniuliza nimewezaje kupungua hivi, naye ametoka jasho miaka na miaka. Nimemwambia nilidanganywa. Akasema na yeye anamtaka huyo aliyenidanganya.

Ukiamka kabla yangu, wape watu salamu zangu. Nikiamka kabla yako nitakaa hapo mlangoni kwako mpaka ufumbue macho, kisha nitakutukana kwa utulivu, kwa mpangilio, kuanzia Oktoba.

Lala, mdogo wangu.

Dada yako

Nilisahau kukueleza. Leo waliponiandikisha, muuguzi aliniuliza nina kilo ngapi. Nikamwambia themanini na sita, akaandika. Nikauliza hawanipimi? Akasema mizani ya wodi na ya kliniki zote ziko kwa fundi, tangu Novemba. Ningesema themanini, angeandika themanini.